Kuvuja kwa Nyumba, Nafuu ya Muuza Gesi

Boila yetu ya zamani, ile mashine ya gesi inayopasha moto maji ya kuoga na ya kuipa nyumba joto, ilikufa Jumamosi usiku, katika wiki iliyokuwa na baridi kuliko zote mwaka ule. Nilijua itakufa. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikinguruma kama lori linalopanda mlima, na mke wangu alikuwa ameshaniambia mara tatu, "Mwite fundi aiangalie kabla baridi haijaanza." Nami nikajibu kama wanavyojibu wanaume wengi wakiambiwa jambo la maana: "Nitamwita." Jumapili asubuhi tulikuwa tumekaa sebuleni na makoti, binti yetu amejifunika mablanketi mawili na kutununia, na mimi niko tayari kununua chochote kile mradi kiwake.

Fundi aliyekuja hakuuliza nyumba ina ukubwa gani wala dari ikoje. Aliinama, akasoma kibandiko cha boila iliyokufa: kilowati 24. "Nitakuwekea ya 30," akasema, "upate nguvu ya akiba." Nani atakataa nguvu ya akiba? Jumatatu jioni nyumba ilikuwa na joto, nikamlipa kwa moyo mkunjufu, nikalala nikiamini kwamba habari ya joto imekwisha humu ndani.

Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Ilinichukua majira manne ya baridi kuelewa kwamba nilianzia mwisho. Mashine ndiyo kitu cha mwisho kununua, nami niliinunua kwanza, tena kwa haraka.

Bili ya mwezi wa kwanza ilipungua kidogo sana. Ya mwezi wa pili ikarudi palepale pa zamani. Miguu ilikuwa bado inapata baridi tukikaa mezani, ingawa redieta, yale mabamba ya ukutani yanayopitisha maji ya moto ya boila, zilikuwa zinachoma mkono. Usiku mmoja nikakosa usingizi, nikaenda jikoni, nikaketi mbele ya ile boila mpya na saa yangu. Iliwaka kwa dakika tatu. Ikazima. Baada ya dakika sita ikawaka tena, dakika tatu, ikazima. Nilihesabu hivyo kwa saa nzima. Sikujua maana yake, ila nilihisi kwamba kitu kinachowaka na kuzima namna ile hakiwezi kuwa kinafanya kazi vizuri, kama vile gari lisivyotumia mafuta vizuri kwenye foleni ya kusogea na kusimama.

Nilimpigia yule fundi. Akaniambia boila zote hufanya hivyo.

Majira yaliyofuata jirani alinielekeza kwa fundi mwingine, mama mmoja wa makamo aliyekuja na begi dogo kiasi kwamba nilidhani vifaa vyake viko garini. Havikuwepo. Hakuitazama boila kabisa. Alisema, "Baba, nionyeshe mita kwanza."

Akanifundisha jambo ambalo hadi leo naona lingepaswa kuandikwa mlangoni mwa kila nyumba ya nchi za baridi. Subiri siku ya baridi kali. Soma mita ya gesi saa fulani, kisha isome tena saa ileile kesho yake. Mita yetu hupima mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina uniti kama 10 na nusu hivi za joto, uniti zilezile za kilowatisaa tunazozijua kwenye umeme. Nilifanya hivyo siku ambayo nje kulikuwa na nyuzi 3 chini ya sifuri. Tulichoma mita 17 za ujazo, yaani uniti 180 kwa siku moja. Ondoa joto linalopotelea kwenye bomba la moshi, baki na kama 153. Gawa kwa saa 24. Jibu ni kilowati 6 na kidogo.

Nilirudia hesabu mara mbili. Nyumba ilikuwa inahitaji kilowati 6 katika siku mbaya kuliko karibu zote za mwaka, tena pamoja na maji ya kuoga, na ukutani nimetundika mashine ya 30. Kweli hata boila kubwa huweza kujipunguza nguvu, lakini ina kiwango ambacho haiwezi kushuka chini yake. Ikifika hapo, njia pekee iliyobaki ni kuwaka na kuzima. Ndizo zile dakika tatu nilizozihesabu usiku.

"Na huku chini je?" mama fundi akauliza, akionyesha bomba jembamba la plastiki lililotoka chini ya boila na kuishia kwenye mfereji wa maji machafu. Aliligusa ncha. Lilikuwa limekauka kau.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi wanazo boila za aina hii na hawajui wanachokikosa. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na karibu sehemu moja ya kumi ya joto lote la gesi imejificha ndani ya mvuke huo. Boila za zamani ziliutupa nje kupitia dohani. Boila za kisasa zimeundwa kuupoza mvuke mpaka ugeuke maji, na unapogeuka maji unaliachia lile joto. Lakini hauwezi kugeuka maji kama maji yanayorudi kutoka kwenye redieta ni ya moto kupita kiasi. Mpaka ni nyuzi 55 hivi, na kadiri unavyokuwa chini yake ndivyo unavyopata zaidi. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameacha boila ikipeleka maji ya nyuzi 75. Kwa hiyo tulikuwa tumelipia mashine ya kisasa tukaitumia kama ya babu. Lile bomba jembamba ni la kutolea maji yaliyotokana na mvuke, na ukavu wake ulikuwa ndio ushahidi wote.

Alibonyeza vitufe viwili, akashusha hadi 55. Kazi ya dakika moja, bila kufungua hata skrubu. "Nyumba itachelewa kupata joto asubuhi," akaniambia, "kwa hiyo usiizime usiku kucha. Iache ipumzike kidogo tu." Kesho yake niliweka jagi la lita moja chini ya lile bomba. Tone, tone, tone. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limejaa. Binti yangu alishangaa kwa nini baba anamwita aje kuangalia jagi la maji.

Nilimwuliza mama fundi anauza mashine gani nzuri zaidi. Alicheka. "Baba, kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Na kuvuja kwa nyumba yako ni nafuu ya muuza gesi. Ziba kwanza, tutaongea mashine baadaye."

Sasa nikiri jambo la aibu. Kila theluji ilipoanguka, paa letu lilikuwa la kwanza mtaani kuonyesha vigae vyake. Wenzetu wana paa jeupe hadi mchana, sisi tayari limekauka. Nilikuwa najivunia! Nilimwambia mke wangu kwamba nyumba yetu imepata upande mzuri wa jua. Jua gani la saa moja asubuhi katikati ya majira ya baridi? Theluji ilikuwa inayeyushwa na gesi tuliyoilipia, iliyopanda kutoka sebuleni, ikapita kwenye dari, ikaenda kuipasha mbingu joto.

Nilipanda darini na tochi. Kulikuwa na pamba ya kioo ya kuzuia joto lisitoroke, ndiyo, lakini nene kama kiganja kwa upana wake, na mahali pengi tulikuwa tumeilaza chini ya makasha ya nguo za zamani na vitabu vya shule hadi ikawa bapa kama mkeka. Pamba ya kioo haizuii joto kwa kioo chake. Hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake ndiyo inayofanya kazi, ukiigandamiza umeitoa hewa, umebaki na takataka. Juu ya bafu hapakuwa na kitu kabisa. Nadhani fundi wa taa aliyekuja miaka ya nyuma aliisukuma kando apitishe nyaya zake, akasahau kuirudisha. Na kifuniko cha tundu la kupandia darini kilikuwa ni ubao mtupu, mwembamba, umepinda pembe moja. Nilipoushusha mkono karibu na ile pembe nilihisi upepo wa joto ukipanda kama pumzi ya mtu.

Mke wangu alifanya hesabu mezani, kwa sababu yeye ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Sentimita 8 za pamba, kwenye dari ya mita za mraba 60, na tofauti ya nyuzi 20 kati ya ndani na darini: joto linalopita ni kama wati 600, usiku na mchana. Ukifikisha sentimita 30, zinabaki kama 160. Tofauti ni zaidi ya uniti 10 kila siku ya baridi, na hapo hatujaihesabu ile sehemu ya juu ya bafu wala kile kifuniko. Tukatazamana. Boila mpya haikutuokolea hata nusu ya hapo.

Kazi ya darini niliifanya mwenyewe wikendi mbili. Nilivaa barakoa, miwani, mikono mirefu na glavu, na bado niliwashwa shingoni kwa siku tatu. Tabaka la kwanza unalilaza kati ya mihimili, la pili unalikatiza juu ya mihimili ili mbao zenyewe zisibaki njia ya joto. Kifuniko nikakibandika povu gumu kwa juu na kukizungushia mpira ukingoni. Kitu kimoja nilikaribia kukikosea: nilitaka kusukuma pamba hadi mwisho kabisa, kwenye pembe ambako paa hukutana na ukuta. Mama fundi alinizuia kwa simu. Pale lazima hewa ya nje ipite, la sivyo unyevu unaopanda kutoka ndani utageuka maji kwenye mbao za paa na kuziozesha polepole. Na taa zilizochimbiwa darini hazifunikwi hivihivi, kwani hupata moto.

Kisha nyufa. Jioni yenye upepo tulifunga madirisha yote, nikawasha kijiti cha udi na kutembea nacho nyumba nzima, binti yangu akinifuata na kalamu na karatasi. Moshi ukipanda wima, sawa. Ukiyumba, anaandika. Tulikuta mahali ambapo sikuwahi kupashuku: chini ya ubao wa ukingoni mwa sakafu, kwenye tundu la bomba la sinki, kwenye soketi za ukuta wa nje. Mlango wa mbele moshi uliruka kabisa kuingia ndani, na juu, karibu na dari ya ngazi, ukavutwa kwenda nje. Ndivyo nyumba inavyopumua: hewa ya joto inatokea juu, ya baridi inavutwa chini kuziba pengo. Miguu yetu mezani ilikuwa kwenye mto wa baridi uliotiririka kutoka mlangoni kwenda kwenye ngazi. Hakuna boila ingeweza kutibu hilo.

Vipande vya mpira, mirija ya silikoni, brashi ya chini ya mlango. Hiyo ndiyo pesa iliyozaa kuliko zote niliyowahi kuitumia kwenye nyumba hii.

Ila nilizidisha. Nikishaanza jambo huwa sijui kuacha. Niliziba hadi matundu ya hewa yaliyowekwa kwa makusudi chumbani, nikayafunika kwa plasta kama nafunga kidonda. Baada ya wiki tatu vioo vikaanza kutoa jasho kila asubuhi. Wiki ya sita mke wangu alivuta kabati la nguo ili atafute hereni iliyoanguka, akaniita kwa sauti ambayo haikuwa ya hereni. Nyuma ya kabati, ukuta ulikuwa umeota kuvu jeusi, mviringo baada ya mviringo, hadi usawa wa kiuno changu, na shati langu moja zuri lilikuwa limeshika harufu ya pango.

Watu wanne wa nyumbani, kwa kupumua, kuoga, kupika na kuanika nguo, hutoa lita kadhaa za maji hewani kila siku; sisi ni watatu lakini tunaanika nguo kama wanane. Zamani maji hayo yalitokea kwenye zile nyufa. Nilipoziziba nilipaswa kuyapa njia nyingine. Tukafungua matundu, tukaweka feni ya bafuni inayojiwasha yenyewe hewa ikilowa, tukasogeza kabati mbali na ukuta wa nje upana wa kiganja. Asubuhi tunafungua madirisha wazi kabisa dakika tano au kumi, upepo ukatize, kisha tunafunga. Hilo lilinishangaza: dirisha likiachwa limefunguliwa kidogo kutwa nzima hupoza kuta na samani, ilhali la dakika tano hubadilisha hewa tu, na hewa peke yake haina joto jingi la kupoteza. Tulinunua kipimo kidogo cha unyevu. Kikiwa kati ya asilimia 40 na 60 hatuna wasiwasi.

Jambo moja zaidi kuhusu kuziba, na hili si la mzaha. Kama una kitu kinachochoma kuni, mkaa, mafuta au gesi ndani ya nyumba na kinavuta hewa ya chumbani, usizibe lolote kabla fundi hajakikagua. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa akadhani ni mafua. Boila yetu huvuta hewa yake kutoka nje, lakini bado tulitundika king'ora karibu nayo na kingine kwenye ujia wa vyumba vya kulala.

Majira ya tatu tulipima tena mita katika siku ya nyuzi 3 chini ya sifuri. Kutoka mita za ujazo 17 tulikuwa tumeshuka hadi 11. Nyumba sasa inahitaji kilowati 4 na nusu hivi. Nilimpigia mama fundi nikamwambia. "Sasa," akasema, "sasa tunaweza kuongea mashine."

Kusema kweli tungeweza kuishia hapo. Boila ilikuwa bado nzima. Lakini ilikuwa imeanza kuchoka kwa kule kuwaka na kuzima, bodi yake ya umeme ilikuwa imebadilishwa mara moja, na safari hii sikutaka kufanya uamuzi nikiwa nimevaa koti sebuleni. Tukaamua kuweka pampu ya joto wakati wa kiangazi, bila haraka.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji hutoa joto kwenye chakula na kulitupa mgongoni mwake. Hii hutoa joto kwenye hewa ya nje na kulitupa ndani ya mabomba yako. Mtu husema, "Joto gani litoke kwenye hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri?" Nilisema hivyohivyo. Ndani yake huzunguka kimiminika kinachochemka kwa baridi. Yetu ina propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwake hewa ile ni tanuri. Inachemka, inageuka gesi, kompresa inaibana, na gesi ikibanwa hupata moto, jambo analolijua yeyote aliyejaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono akashika ncha yake. Wazo lenyewe si la jana. William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na mwaka 1938 ukumbi wa jiji la Zürich huko Uswisi ulikuwa tayari unapashwa joto na pampu iliyovuta joto kutoka maji ya mto Limmat.

Utamu wake ni kwamba umeme hautumiki kutengeneza joto, unatumika kulihamisha tu. Uniti moja ya umeme inaweza kukuletea uniti tatu za joto, au zaidi siku za baridi ya kadiri. Lakini kila nyuzi unayoiongeza kwenye maji yanayokwenda kwenye redieta inaipandisha pampu mlima. Ukitaka maji ya nyuzi 65 itayapata kwa shida na bili itakutoa jasho. Ukiridhika na 40 au 45 itafanya kazi kwa raha. Ndiyo maana mama fundi alitaka nyumba izibwe kwanza. Redieta yenye maji ya wastani wa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 20 ina tofauti ya 50. Shusha maji hadi 45, tofauti inabaki 25, lakini joto linalotoka halibaki nusu. Linashuka hadi kama asilimia 40. Katika nyumba yetu ya zamani ingebidi tubadilishe redieta zote. Katika nyumba iliyozibwa tulibadilisha mbili tu, ya sebuleni na ya chumba cha binti yetu chenye kuta mbili za nje.

Aliyeleta makadirio ya kwanza alitaka kutuuzia ya kilowati 12. Nilimwonyesha daftari langu la mita. Alikunja uso, akaondoka, hakurudi. Tukaweka ya 6.

Kuhusu bei nitasema la haki, maana wauzaji hulipita haraka. Uniti ya umeme karibu kila mahali ni ghali kuliko uniti ya gesi. Chukua bei ya umeme, igawe kwa bei ya gesi. Ikiwa jibu ni tatu, na boila yako inatumia vizuri asilimia 90 ya gesi, basi pampu ni lazima ikupe zaidi ya uniti 2.7 za joto kwa kila uniti ya umeme, chini ya hapo unalipa zaidi kuliko jana. Fanya hesabu hiyo kwa bili zako mwenyewe.

Majira ya kwanza ya pampu yalikuwa na vituko. Usiku mmoja wa ukungu, nje nyuzi kama 1 juu ya sifuri, nilichungulia dirishani nikaona wingu jeupe linafuka kutoka kwenye mashine. Nilitoka mbio na ndoo ya maji, miguu peku, nikipiga kelele za moto. Mke wangu akasimama mlangoni amekunja mikono. "Soma ukurasa wa 14," akasema. Alikuwa amesoma kitabu cha maelekezo, mimi sikukisoma. Hewa yenye unyevu ikipozwa huacha barafu kwenye mapezi ya mashine, vile vibati vyembamba vinavyopitiwa na hewa. Kila baada ya muda pampu hujigeuza kwa dakika chache, huchukua joto kidogo kutoka ndani na kuiyeyusha barafu hiyo. Lile wingu lilikuwa mvuke. Maji ya barafu, hata hivyo, yalikuwa yanatiririka hadi kwenye njia ya kuingilia, na asubuhi yaliganda tena. Nilianguka pale chali nikiwa na kikombe mkononi. Wiki iliyofuata tulichimba shimo la kokoto chini ya mashine. Laiti angeliniambia mtu siku ya kufunga.

La pili liliniuma mfukoni. Nilikuwa na mazoea ya boila: ukitoka zima, ukirudi washa. Na pampu nikaifanyia hivyo. Ikirudi kuwaka jioni inakuta nyumba imepoa, inaona haiwezi kuifikisha haraka, inaita koili ya umeme iliyomo ndani yake imsaidie. Koili hiyo ni kama birika la umeme tu: uniti moja inaingia, uniti moja ya joto inatoka. Kwa wiki tatu ilikuwa inawaka kila jioni na mimi sina habari, mpaka nilipoona mita ya umeme. Tuliweka koili isiwake mpaka nje kushuke nyuzi 10 chini ya sifuri, tukaiacha pampu ifanye kazi polepole mchana na usiku, maji yakipanda na kushuka kwa kufuata baridi ya nje. Kuanzia hapo unaweza kusahau kwamba iko. Mwisho wa majira, kipimo chake kilionyesha uniti 2,900 za umeme kwa uniti 9,600 za joto. Wiki ya baridi kali ilishuka hadi 2.4 kwa moja, wiki za kawaida ikapita 4.

Ile boila ya kilowati 30 iliondolewa ikiwa na umri wa miaka miwili na nusu. Fundi aliyeishusha alitikisa kichwa. "Mbona bado changa?" Nikamwambia ni hadithi ndefu.

Juzi theluji ilianguka tena. Paa letu lilibaki jeupe hadi alasiri, na nilisimama barabarani nikilitazama mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nyumba ina nyuzi 20 kila chumba, mabomba hayagongi, miguu haina baridi. Mwenye malalamiko amebaki mmoja tu. Binti yetu amezoea tangu utotoni kuanika soksi zake juu ya redieta usiku akazikuta zimekauka na kupata moto asubuhi. Siku hizi redieta ukiigusa ni vuguvugu, haichomi wala haipoi, na soksi zinaamka na unyevu. Amenitaka nimwulize mama fundi kama kuna kitufe cha soksi.